Waulize Wajuzi: Mji Mkuu wa Kisiwa Hufuata Maji Marefu

Toleo lililopita tuliwaomba wasomaji watuletee maswali kuhusu nchi za visiwa vya Bahari ya Pasifiki na miji yake mikuu. Barua nyingi zimetoka Bagamoyo, wala si ajabu. Mji huu wenyewe uliwahi kuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani, na mwaka 1891 cheo kikahamia Dar es Salaam. Tumechagua barua sita.

Mwalimu, shikamoo. Niko kidato cha pili. Tunashindana chemsha bongo na shule nyingine, na mada yetu ni nchi za Pasifiki. Nimeandika orodha ya nchi 14 na miji yake, nikaikariri siku tatu. Siku ya nne yote imechanganyika: Apia naipeleka Tonga, Suva naipeleka Samoa. Nifanyeje?
*Mwanafunzi, Dunda, Bagamoyo*

Marahaba, mwanangu. Kichwa chako hakina kosa, kosa ni la orodha. Ukipanga majina kwa alfabeti, Samoa na Solomon zinakaa jirani kwenye karatasi ilhali baharini zimeachana mbali. Jina lisilo na mahali pa kushika halikai. Itupe orodha, chukua ramani, usafiri kwa kidole kama nahodha.

Safari ya kwanza inaanzia Papua New Guinea na kushuka kusini-mashariki kwenye visiwa vikubwa vyenye milima: Port Moresby, kisha Honiara ya Visiwa vya Solomon, kisha Port Vila ya Vanuatu, kisha Suva ya Fiji. Hizo nne. Safari ya pili inaanzia Suva na ina matawi matatu: kaskazini Funafuti ya Tuvalu, mashariki Apia ya Samoa, kusini-mashariki Nuku'alofa ya Tonga. Saba. Safari ya tatu inafuata ikweta, ukitoka mashariki kwenda magharibi: Tarawa Kusini ya Kiribati, Majuro ya Visiwa vya Marshall, Yaren ya Nauru, Palikir ya Mikronesia, na Ngerulmud ya Palau. Kumi na mbili. Zinabaki mbili kubwa za kusini, Canberra ya Australia na Wellington ya New Zealand, na hizo huna haja ya safari.

Sasa sehemu inayofanya jina likae: kila ukifika mji, jiulize kwa nini uko hapo. Anza na pwani yako mwenyewe. Maji yakipwa Bagamoyo, mashua zinalala mchangani na mzigo unashushwa begani, watu wakitembea majini. Meli kubwa ya moshi ilitia nanga mbali sana. Dar es Salaam ina mlango mwembamba na ndani yake kilindi kilichokingwa na upepo. Hiyo ni sababu kubwa ya cheo kuhama, na Pasifiki yote imejaa habari za namna hiyo.

Mji mkuu wa kwanza wa Fiji chini ya Waingereza ulikuwa Levuka, katika kisiwa kidogo cha Ovalau. Bandari ilifaa, lakini nyuma ya barabara ya pwani mlima unasimama kama ukuta, hapana pa kujenga. Mwaka 1882 serikali ikahamia Suva, penye ghuba pana na nafasi. Mji mkuu wa Visiwa vya Solomon ulikuwa Tulagi, kisiwa kidogo ambacho vita vilikibomoa. Wamarekani walioteremka Guadalcanal Agosti 1942 waliacha barabara, mabanda na uwanja wa ndege, na juu ya mabaki hayo ukajengwa Honiara, uliofanywa mji mkuu mwaka 1952. Ukishajua hivyo, Suva haiwezi tena kukimbilia Samoa.

Mazoezi: chora nukta 14 bila majina, kila jioni zitaje kwa safari tatu, kisha rudi kinyumenyume kutoka Ngerulmud. Siku mbili za mwisho uulizwe kwa mji, usiulizwe kwa nchi. Wanafunzi wengi hujibu haraka "mji mkuu wa Samoa ni Apia" lakini hukwama wakiulizwa "Apia ni mji mkuu wa nchi gani?", kwa sababu hawakuwahi kufanya mazoezi ya upande huo.

Ndugu mhariri, katika mashindano ya shule yetu timu moja ilijibu kwamba Nauru haina mji mkuu. Jaji akawanyima alama, akasema ni Yaren. Baadaye swali la Palau likazua mgogoro mwingine: kitabu chetu kinasema Koror, timu ikasema jina jingine refu. Nani alikuwa sahihi? Na Kiribati tuandike Tarawa au Bairiki?
*Mwalimu wa shule ya msingi, Kiromo*

Mwalimu mwenzetu, timu ya kwanza wapewe alama zao, na tunaomba waambiwe hivyo mbele ya wenzao. Nauru haina mji mkuu kisheria. Kisiwa kizima ni kilomita za mraba 21, kimegawanywa wilaya 14. Bunge, ofisi za serikali na uwanja wa ndege viko wilaya ya Yaren upande wa kusini, ndiyo maana vitabu huandika Yaren. Kwa hiyo swali zuri ni hili: "Ofisi za serikali ya Nauru ziko wilaya gani?" Hapo Yaren ni jibu moja tu, hakuna ubishi. Tena Nauru ni kinyume cha Bagamoyo. Huko maji ni marefu mno: mwamba unakizunguka kisiwa chote, na ukishauvuka tu, sakafu ya bahari inaporomoka, nanga haipati pa kushika. Meli zilizokuja kuchukua fosfeti zilifungwa kwenye maboya, na mzigo ukapitishwa juu ya mwamba kwa mikono mirefu ya chuma.

Palau ilihama. Tangu Oktoba 2006 mji mkuu ni Ngerulmud, katika jimbo la Melekeok kwenye kisiwa kikubwa cha Babeldaob. Koror bado ndio mji wenye watu, maduka na hoteli. Ngerulmud ni majengo ya serikali juu ya kilima, lenye kuba likiwa bunge, na wakazi wake ni wachache mno. Kitabu chenu ni cha zamani, basi. Sisi Watanzania tusishangae: uamuzi wa kuhamia Dodoma ulipitishwa 1973, sheria ya kuitangaza makao makuu ikaja 2018, na mpaka leo kuna vitabu vya nje vinavyoandika Dar es Salaam.

Kiribati: kubalini "Tarawa Kusini", na "Tarawa" pia. Ni mnyororo wa visiwa vyembamba juu ya mwamba mmoja, vilivyounganishwa kwa tuta la barabara. Bairiki kuna ofisi, Betio kuna bandari, Ambo kuna bunge. Mtoto akijibu Bairiki peke yake, ametaja mtaa mmoja wa mji.

Mtego mwingine ambao hamjaukuta bado, lakini utawafika, ni wa Mikronesia. Mji mkuu ni Palikir katika kisiwa cha Pohnpei, tangu 1989. Kabla ya hapo ulikuwa Kolonia, kilomita chache tu kutoka hapo. Lakini iko pia Colonia, kwa herufi C, katika kisiwa cha Yap, zaidi ya kilomita 2,000 magharibi. Anayeuliza kwa sauti bila kuonyesha maandishi hawezi kuzitenganisha, kwa hiyo swali la Kolonia liandikwe ubaoni.

Natangaza redioni na majina haya yananitoa jasho. Kiribati msikilizaji mmoja alinipigia akaniambia nimekosea. Kuna kanuni?
*Mtangazaji, Chumbageni, Tanga*

Zipo, na mzungumzaji wa Kiswahili anazimudu kuliko Mzungu yeyote, kwa kuwa sauti zenyewe anazo mdomoni tangu utotoni.

Kiribati hutamkwa *Kiribas*. Lugha yao ikiandika *ti* husomwa *s*, na jina lenyewe ni "Gilberts", jina la visiwa wakati wa Waingereza, lililopita katika ulimi wa wenyeji. Kwa kanuni hiyohiyo kisiwa cha Kiritimati ni *Kirismas*. Fiji wana mwandiko wao: *d* husomwa *nd*, *b* husomwa *mb*, *q* ni *ng* ya ngoma, *g* peke yake ni *ng'* ya ng'ombe, na *c* ni *dh* ya dhahabu. Kwa hiyo uwanja mkubwa wa ndege wa Nadi ni *Nandi*, kisiwa cha Beqa ni *Mbenga*, na Mamanuca ni *Mamanudha*. Samoa nao *g* yao ni *ng'*: Pago Pago soma *Pang'o Pang'o*. Ngerulmud ya Palau inaanza na *ng'* vilevile, wala si *nge* ya ngeli.

Alama iliyo katika Nuku'alofa ni kitu kingine kabisa. Ni kukatika kwa sauti kooni, kama hamza. Waliosoma madrasa wanaijua. Usiiunganishe ukasema "Nukwalofa". Jina hilo maana yake ni makao ya upendo.

Majina mengine, Suva, Honiara, Tuvalu, Funafuti, yasome kama yalivyoandikwa, silabi kwa silabi. Wengi hukosea wanapodhani jina la kigeni lazima lisomwe Kiingereza.

Babu zetu walituhadithia kwamba Wajerumani waliotawala hapa walikuwa na visiwa vingine vya minazi mbali mashariki. Ni kweli au ni maneno ya barazani?
*Mzee, Mlingotini*

Shikamoo mzee wetu. Ni kweli, na walichokitaka huko ni nazi kavu, mbata, kama hapa. Bendera yao ilipandishwa kaskazini-mashariki ya New Guinea mwaka 1884, Visiwa vya Marshall 1885, Nauru 1888. Mwaka 1899 wakainunua Palau na visiwa jirani kutoka Hispania, na Samoa ya magharibi wakaipata 1900. Hata maofisa walizungushwa. Heinrich Schnee, gavana wao wa mwisho katika nchi yetu kuanzia 1912, alikuwa ametumikia New Guinea na Samoa kabla ya kuja huku.

Machi 1889, wakati vita vya Abushiri vinapamba moto kwenye pwani yetu, manowari za Wajerumani na Wamarekani zilijazana katika bandari ya Apia zikigombea Samoa. Bandari ile imefunguka upande wa kaskazini. Dhoruba ilipoingia kutoka upande huohuo, hapakuwa na pa kukimbilia, na zote sita zikatupwa mwambani au ufukweni, au kuzama. Iliyookoka ni ya Waingereza, HMS Calliope, iliyowasha mitambo kwa nguvu zote ikatoka nje kwenye bahari kuu. Kila nahodha anaelewa kwa nini ilitoka badala ya kubaki: maji mengi yana salama kuliko mwamba.

Samoa ilichukuliwa na New Zealand tarehe 29 Agosti 1914 bila mapigano. Tanga, miezi miwili na kitu baadaye, mambo yalikuwa mengine. Waingereza waliteremka wakafukuzwa. Baada ya vita, Tanganyika ikakabidhiwa Uingereza, Samoa New Zealand, New Guinea Australia, na visiwa vya kaskazini Japani, zote kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa. Tulikuwa ndugu wa mkeka mmoja. Tanganyika ikapata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 na Samoa tarehe 1 Januari 1962, siku 23 tu baadaye. Wa mwisho kutoka katika udhamini, duniani kote, ilikuwa Palau, mwaka 1994.

Mzee, tukuongezee moja linalohusu Bagamoyo hasa. Mwaka 1822 nahodha Mwingereza Fairfax Moresby alitiliana mkataba na Sayyid Said wa Muscat, kuwazuia raia wa Sayyid wasiwauzie Wakristo watumwa. Biashara ndani ya milki ya Sayyid yenyewe haikuguswa, na misafara iliendelea kushuka Bagamoyo kwa miaka hamsini zaidi. Soko la Unguja likafungwa kwa mkataba wa Sultani Barghash, Juni 1873. Februari ya mwaka huohuo, upande wa pili wa dunia, John Moresby, mwana wa Fairfax, aliingia katika bandari nzuri ya New Guinea akaipa jina la baba yake. Ndiyo Port Moresby ya leo.

Mume wangu ni baharia. Meli yao itakaa Apia wiki mbili, halafu inakwenda Pago Pago. Nimpigie saa ngapi nisimwamshe?
*Mama wa nyumbani, Magomeni, Bagamoyo*

Dada, Apia iko mbele yetu kwa saa kumi. Hapa ikiwa saa tatu asubuhi, kwao ni saa moja jioni ya siku hiyohiyo. Piga kati ya saa mbili na saa tano asubuhi, utamkuta amemaliza zamu na hajalala. Usipige jioni ukishapika; saa moja jioni yetu ni saa kumi na moja alfajiri kwake.

Meli ikihamia Pago Pago, usibadilishe kitu. Ni kama kilomita 125 tu kutoka Apia, na saa ya ukutani inasoma sawasawa. Kinachobadilika ni siku: wewe uko Ijumaa, yeye bado yuko Alhamisi. Mwambie mapema kama kuna arusi au mwezi unaandama, maana tarehe mtakazotajiana hazitalingana.

Sababu ni mstari wa tarehe, yaani mstari wa kuwaziwa baharini ambapo ukiuvuka siku hubadilika. Samoa zamani ilikuwa upande mmoja na Pago Pago, ambayo iko chini ya Marekani. Lakini biashara yake kubwa ni na New Zealand na Australia, na kila wiki walikuwa wakipoteza siku: Ijumaa ya Apia tayari ni Jumamosi Wellington, watu wamefunga ofisi. Wakaamua kuruka. Alhamisi tarehe 29 Desemba 2011 ilifuatwa na Jumamosi tarehe 31, na Ijumaa ile Samoa haikuwepo. Kiribati walitangulia kufanya hivyo kwa visiwa vyao vya mashariki mwaka 1995, ndiyo maana Kiritimati huingia mwaka mpya mapema kuliko wote. Kwao ikipiga saa sita usiku, Bagamoyo ni saa saba mchana ya tarehe 31 Desemba, na watu bado wako sokoni.

Shule moja ya mjini imenipa kazi ya kuchora ramani ya Pasifiki ukutani, mita 4 kwa mita 3. Ukuta ni wa mawe na chokaa, wa zamani. Kila ramani ninayoiona inaikata Pasifiki vipande viwili. Nipime vipi? Na Hawaii na Tahiti niziweke?
*Fundi rangi, Bagamoyo*

Fundi, ukuta kwanza. Ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua, na hewa ya hapa imejaa chumvi. Ukiupaka rangi ya mafuta unaufungia maji ndani, na baada ya masika rangi inavimba malengelenge. Tumia rangi ya maji. Unga mweupe wa chumvi ukwanguliwe na kufagiliwa kwa brashi kavu. Ukiuosha, maji yanaurudisha ndani ya plasta. Palipozibwa kwa saruji pabanduliwe pazibwe kwa chokaa. Eneo ni mita za mraba 12, na lita moja hufunika karibu mita 10, kwa hiyo buluu ya mikono miwili itakula lita mbili na nusu.

Kipimo: sentimita 4 kwa kila digrii moja ya latitudo au longitudo. Dondosha timazi katikati ya ukuta, piga mstari wa wima. Huo ni digrii 180. Kisha kwa pimamaji piga mstari wa mlalo mita 1 kutoka juu; huo ni ikweta. Australia itakatika upande wa magharibi, iache ikatike.

Sasa pima kutoka mistari hiyo miwili, kwa sentimita. Juu ya ikweta, kushoto kwa mstari wa kati: Ngerulmud juu 30, kushoto 182, Palikir juu 28, kushoto 87, Majuro juu 28, kushoto 34, Tarawa juu 5, kushoto 28. Chini ya ikweta, bado kushoto: Yaren chini 2, kushoto 52, Port Moresby chini 38, kushoto 131, Honiara chini 38, kushoto 80, Port Vila chini 71, kushoto 47, Suva chini 72, kushoto 6, Funafuti chini 34, kushoto 3, Canberra chini 141, kushoto 124, Wellington chini 165, kushoto 21. Kulia kwa mstari wa kati ni miji miwili tu: Apia chini 55, kulia 33; Nuku'alofa chini 84, kulia 19. Jipime hivi: Port Moresby na Honiara zikae mlalo mmoja. Zisipokaa, ikweta yako imeinama.

Usijaribu kuchora visiwa vidogo kwa ukubwa wake. Kwa kipimo hiki sentimita moja ni kama kilomita 28, na Nauru nzima ni kama milimita 2 tu. Weka nukta za sentimita moja, zote sawa. Wala usizungushie Kiribati mpaka. Nchi kavu yake ni kilomita za mraba kama 811, ndogo kuliko Pemba, lakini kutoka Tarawa hadi Kiritimati utapima sentimita 118 ukutani, sawa na kilomita 3,300 hivi. Liandike jina lake mara tatu, kwenye kila kundi la visiwa: Gilbert, Phoenix na Line.

Hawaii na Tahiti ziweke, kwa rangi tofauti, maana si dola. Honolulu ni mji mkuu wa jimbo la Marekani. Papeete ya Tahiti na Nouméa ya New Caledonia ziko chini ya Ufaransa, Hagåtña ya Guam na Pago Pago chini ya Marekani. Avarua ya Visiwa vya Cook na Alofi ya Niue zipe rangi ya tatu: zinajitawala, kwa ushirika na New Zealand. Tokelau usiitafutie mji mkuu, haina.

Mstari wa tarehe uchore mwisho kabisa, buluu ikishakauka siku mbili. Usiunyooshe. Unapofika Kiribati unapinda kwenda kulia hadi sentimita 120, kisha unarudi. Pagumu ni Samoa: Apia iko kulia 33 na Pago Pago kulia 37, na mstari lazima upite katika zile sentimita 4 za katikati. Hapo shika brashi nyembamba kuliko zote ulizo nazo.